Mbwa mkubwa akikatwa mguu: Jinsi ya kumtunza hadi azoee miguu mitatu

MBWA mkubwa anapoharibikiwa na mguu, ushauri wa kwanza ambao mmiliki wake hupewa na majirani ni kumwita daktari amdunge sindano ya kukatiza maisha yake. Hoja yao ni kwamba kijibwa cha kilo tano kinaweza kubebwa kwapani, lakini jibwa la kilo 45 litasimamaje kwa miguu mitatu? Ni hoja inayotolewa kwa huruma, na imewaua mbwa wengi ambao wangeweza kuishi maisha ya kuridhisha.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2015 uliangazia suala hilo hilo. Watafiti waliwahoji wamiliki wa mbwa 64 waliokuwa wamekatwa mguu. Asilimia 78 walisema mbwa wao alipona na kuzoea hali yake mpya vizuri zaidi ya walivyotarajia, na asilimia 86 walisema wangefanya uamuzi ule ule tena. Hata hivyo, ilibainika pia kuwa kadiri mbwa alivyokuwa mzito na mnene wakati wa kukatwa, ndivyo maisha yake yalivyopungukiwa na raha baadaye. Kwa hivyo, umbo kubwa pekee halimzuii mbwa kuishi vyema, ila kila kilo ya ziada ina gharama yake.

Mbwa akiwa wima huibebesha miguu ya mbele takriban asilimia 60 ya uzani wake, na ya nyuma asilimia 40. Kwa mbwa wa kilo 40, kila mguu wa mbele hustahimili kama kilo 12 na kila wa nyuma kilo nane. Ndiyo maana kupoteza mguu wa nyuma huwa na nafuu kuliko kupoteza wa mbele. Aliyekosa wa mbele hutembea kwa kurukaruka, kichwa kikipanda na kushuka, na hupata taabu anapotaka kusimama ghafla au kuteremka mlima. Aliyekosa wa nyuma hutatizika zaidi anapoinuka kutoka sakafuni na anapopanda mlima, lakini akishashika mwendo si ajabu kumwona akiwaacha nyuma wenzake wenye miguu minne.

Kwa nini mguu hukatwa

Humu nchini, mbwa wengi wakubwa, wakiwemo wa aina za German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, hufugwa ili kulinda boma. Hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku, na lango likiachwa wazi alfajiri gari linapotoka, baadhi yao hujikuta barabarani. Mbwa akigongwa, mguu uliopinda ndio unaoonekana, lakini sio unaoua kwanza. Daktari atataka kujua kama hewa au damu imejaa kifuani, kama kibofu kimepasuka, na ni damu kiasi gani iliyopotea. Kukimbilia kumkata mguu mbwa aliye katika hali hiyo ni kuhatarisha uhai wake. Mara nyingi kidonda huoshwa na kufungwa, mbwa hupewa maji ya mishipani na dawa za maumivu, kisha upasuaji husubiri siku kadhaa hadi atulie.

Ajali pia hung'oa mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kuelekea mguu wa mbele. Mguu wa namna hiyo hauna mfupa uliovunjika, ila huburutwa kama kitambaa na kuchubuka upande wa juu wa wayo. Mbwa asipohisi chochote vidole vinapobanwa kwa nguvu, matumaini huwa madogo. Mguu huo ukiachwa, mbwa huweza kuutafuna mwenyewe.

Kuna vilevile mifupa ambayo ingeweza kuungwa kwa vyuma, lakini gharama ya vyuma na ya ziara za baadaye humshinda mmiliki. Hapo mguu hukatwa kwa sababu ya mfuko. Hakuna aibu katika uamuzi huo, kwani mguu uliokatwa vizuri ni afadhali kuliko mfupa ulioungwa vibaya ukaoza.

Sababu inayohitaji ukweli mwingi zaidi ni saratani ya mifupa. Ugonjwa huu huwapata sana mbwa wa aina kubwa, hasa walio na umri wa miaka saba na zaidi, ingawa huweza kumpata hata mbwa wa mwaka mmoja na nusu. Hupendelea sehemu ya chini ya mguu wa mbele karibu na kifundo, sehemu ya juu karibu na bega, na mifupa inayozunguka goti la nyuma. Mbwa huanza kuchechemea, watu wakadhani ameteguka, na wiki kadhaa hupita kabla uvimbe mgumu haujaonekana. Mfupa unaoliwa na saratani huuma usiku na mchana, na huweza kuvunjika mbwa akiruka tu kutoka kwenye ngazi.

Kuukata mguu huo huondoa maumivu, lakini kwa kawaida hakuondoi saratani. Inakadiriwa kuwa katika mbwa tisa kati ya kumi, chembe za ugonjwa huwa tayari zimesambaa wakati unapogunduliwa, hata kama eksirei ya kifua haionyeshi chochote. Kwa upasuaji pekee, nusu ya mbwa hufa katika muda wa miezi minne au mitano hivi. Wakiongezewa dawa za kuua chembe za saratani, muda huo hufikia kati ya miezi kumi na mwaka mmoja, na wachache huvuka miaka miwili. Mmiliki anapaswa kuambiwa takwimu hizi kabla ya kutia sahihi fomu yoyote. Wapo watakaoona kuwa miezi mitano bila maumivu ni zawadi kubwa kwa mnyama asiyehesabu miezi, na wapo watakaochagua sindano. Wote wawili huenda wana haki. Asiye na haki ni yule anayemwacha mbwa achecheme nyuma ya nyumba akisubiri uvimbe upasuke wenyewe.

Wako pia mbwa ambao hawafai kukatwa. Mbwa ambaye nyonga zake zimelegea na kuuma tangu utotoni, mwenye ugonjwa wa uti wa mgongo unaomfanya ayumbe, mwenye moyo unaoshindwa kazi, au ambaye saratani imekwisha kuonekana katika mfupa mwingine, hatabebwa na miguu mitatu iliyosalia. Kwa upande mwingine, mbwa ambaye kwa wiki tatu amekuwa akiukunja mguu mbovu na kutembea kwa mitatu amekwisha kujifanyia mtihani mwenyewe.

Maandalizi

Upasuaji huu ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka wa 2011. Mwenye duka la dawa za mifugo, hata akiwa na mkono mwepesi wa kudunga chanjo, hapaswi kuukaribia. Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoko Kabete, kina kliniki ya wanyama wadogo, na madaktari wengi wa humu nchini walipata mafunzo yao huko.

Mbali na eksirei ya mguu, na ya kifua kwa mbwa anayeshukiwa kuwa na saratani, damu hupimwa ili kujua hali ya ini na figo. Kuna kipimo kingine ambacho mmiliki katika nchi yetu anafaa kukiulizia. Kupe wa mbwa hueneza maradhi ambayo hupunguza chembechembe zinazosaidia damu kuganda, na mbwa anaweza kuyabeba kwa miezi akionekana mzima. Mbwa wa aina hiyo akipasuliwa mahali penye misuli na mishipa mikubwa kama bega au paja, damu huenda isikome. Maradhi hayo hutibika kwa dawa za viuavijasumu za kawaida, na wiki chache za kusubiri si hasara iwapo mguu hauna dharura.

Gharama hutegemea uzani, kwani dawa ya usingizi na ya maumivu hupimwa kwa kilo. Mbwa wa kilo 40 hutumia mara nne ya dawa za mwenzake wa kilo kumi. Ni vyema kuomba hesabu iliyoandikwa, ikionyesha upasuaji, eksirei, usiku atakaolala kliniki na dawa za kwenda nazo nyumbani. Dawa hizi za mwisho ndizo ambazo wengi huzisahau, kisha wakajaribu kubana matumizi hapo.

Nyumba nayo itayarishwe kabla ya siku ya upasuaji. Sakafu ya vigae au ya saruji iliyolainishwa ni adui mkubwa wa mbwa wa miguu mitatu, maana akiteleza mara mbili hukataa kuinuka mara ya tatu. Mikeka, magunia yaliyoshonwa pamoja au mazulia makuukuu yatandazwe kutoka mahali pa kulala hadi mlangoni, na yabanwe yasisogee. Kucha zikatwe, na manyoya marefu katikati ya vidole yapunguzwe. Malazi yawe godoro nene lililo chini, si kitanda cha kurukia. Bakuli la chakula na la maji yainuliwe hadi usawa wa kifua, hasa kwa mbwa atakayepoteza mguu wa mbele, kwa sababu akiinama mzigo wote huangukia mguu mmoja.

Kisha kuna swali la nani atakayembeba. Mbwa huyu hawezi kuinuliwa na mtu mmoja, na mbwa aliye na maumivu humng'ata hata anayempenda. Wawili wanaweza kumsafirisha kwa blanketi imara lililovutwa pembe nne kama machela. Cheti chake cha chanjo dhidi ya kichaa cha mbwa kiwe mkononi tangu siku hiyo.

Upasuaji na usiku wa kwanza

Mbwa hunyimwa chakula kwa saa ambazo daktari atataja, ila maji huruhusiwa hadi muda mfupi kabla ya upasuaji. Mguu wa mbele kwa kawaida huondolewa pamoja na mfupa wa bega. Wa nyuma hukatwa juu pajani au hutolewa kwenye kiungo cha nyonga. Wamiliki wengi huomba kibakizwe kipande kirefu, wakidhani ni huruma, ilhali mbwa hujaribu kukanyagia kigutu hicho na kukigonga chini hadi kikatoka vidonda. Anayetaka mguu wa bandia hana budi kulisema hilo mapema, maana mguu huo huhitaji kigutu cha kuvalishwa na hupangwa kabla ya kisu kushikwa. Mbwa wengi hawauhitaji.

Daktari mwangalifu humdunga mbwa ganzi kwenye mishipa ya fahamu kabla ya kuikata, licha ya kwamba amelala usingizi wa nusukaputi. Mwili ukikosa kupokea habari ya maumivu wakati wa upasuaji, maumivu ya baadaye huwa mepesi.

Familia iambiwe mapema, hususan watoto, kwamba mbwa atakayerudi hatafanana na aliyeondoka. Ubavu mzima utakuwa umenyolewa, mshono utakuwa mrefu, na ngozi itakuwa na rangi ya zambarau kutokana na damu iliyovilia. Rangi hiyo huteremka kuelekea tumboni kwa siku kadhaa, jambo ambalo ni la kawaida. Mbwa wengi husimama katika muda wa saa 12 hadi 24, wakati mwingine kabla ya mmiliki kuwa tayari kuwaona wamesimama.

Usiku wa kwanza nyumbani ndio mgumu. Mbwa huweza kulia, kuhema na kutazama ukuta. Wakati mwingine ni maumivu, wakati mwingine ni dawa kali zikimtoka kichwani. Dalili za kuaminika za maumivu ni kuhema akiwa ametulia mahali baridi, kukataa kulala chini ingawa amechoka, masikio yaliyolazwa nyuma, na kukataa chakula anachokipenda. Akionyesha hayo, daktari apigiwe simu. Baadhi ya mbwa huruka na kubweka ghafla kana kwamba wameumwa na siafu kwenye mguu usiokuwepo, na zipo dawa za mishipa ya fahamu za kutuliza hali hiyo.

Asipewe kamwe dawa za maumivu zilizomo kabatini. Ibuprofen na diclofenac, ambazo huuzwa kila duka la dawa, hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Paracetamol nayo ni hatari asipoipima daktari. Dawa za mbwa kama meloxicam na carprofen hutolewa pamoja na chakula, kwa kipimo kilichoandikwa, wala hazichanganywi na dawa za jamii ya prednisolone.

Wiki mbili za kidonda

Nyuzi hutolewa baada ya siku kumi hadi 14. Katika muda huo kidonda kinapaswa kubaki kikavu. Kisipakwe majivu, mafuta, maji ya chumvi wala dawa za kusafishia choo. Mbwa azuiwe kukilamba kwa kola ya plastiki yenye umbo la faneli. Ikikosekana ya ukubwa wake, ndoo iliyotobolewa chini na kufungiwa kwenye ukanda wa shingo hutosha, bora kingo zifunikwe kwa kitambaa. Kwa aliyekatwa mguu wa mbele, fulana kuukuu ya mtu mzima huuhifadhi mshono vizuri.

Mbwa asilale nje wiki hizo mbili. Katika maeneo yetu nzi hutaga mayai kwenye kidonda chenye unyevu, na funza huonekana siku moja tu baadaye. Uvimbe laini wa maji chini ya mshono hutokea mara kwa mara na kwa kawaida hunywea wenyewe. Haufai kutobolewa nyumbani. Safari ya haraka kwa daktari inahitajika kidonda kikitoa usaha au kunuka, mshono ukifunguka, ufizi ukiwa mweupe, au joto la mwili likipita nyuzi 39.5. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2, kwa hivyo mkono wa mwanadamu daima humwona mbwa ana homa, na kipimajoto ni cha lazima.

Haja kubwa inaweza kuchelewa siku tatu au nne kwa sababu ya njaa ya kabla ya upasuaji na dawa za maumivu. Mkojo haupaswi kuchelewa hivyo. Siku nzima ikipita bila mkojo ni jambo la daktari. Dume aliyezoea kuinua mguu hutafuta mtindo mpya, na wapo wanaoinua mguu wa nyuma uliobaki wakaanguka kabla ya kukumbuka.

Wakati wa kutoka nje, taulo pana au leso iliyokunjwa hupitishwa chini ya tumbo, mbele ya mguu wa nyuma uliosalia, na ncha zake kushikwa juu. Kusudi lake ni kumwokoa anapopinda kona. Uzani aubebe mwenyewe. Kwa aliyepoteza wa mbele, mshipi wa kifuani wenye mpini mgongoni ni bora, usiogusa mshono. Dakika tano mara nne au tano kwa siku zinatosha. Asikimbie, asipande ngazi peke yake, wala asiruke kutoka garini.

Chakula cha siku za kwanza kiwe chepesi, mathalan kuku aliyechemshwa bila mifupa pamoja na wali, na kisitiwe vitunguu, ambavyo huharibu damu ya mbwa.

Kurejea uani

Baada ya nyuzi kutolewa, mwendo huongezwa kidogo kidogo, na kufikia wiki ya nne hivi mbwa wengi huwa wamezoea. Matembezi mafupi mengi yanajenga misuli kuliko moja refu la Jumapili, linalomwacha akiwa hoi hadi Jumatano. Zoezi zuri ni kumsimamisha miguu ya mbele ikiwa juu ya godoro dogo kwa nusu dakika, mara kadhaa kwa siku, huku akipewa vipande vya nyama, ili mgongo na nyonga zijifunze kusawazisha.

Sasa ndipo uzani unaporudi. Mbwa wa boma wa Kenya hula ugali mwingi, na aliyepunguza mwendo akiendelea kupewa sufuria ile ile hunenepa upesi. Mbavu zinapaswa kuhisika kwa vidole bila kutafutwa. Ugali ndio upunguzwe, si nyama au omena, kwa kuwa misuli ndiyo inayobeba kazi ya mguu uliotoka.

Kuhusu ulinzi, masikio na pua havikukatwa. Mbwa wa miguu mitatu bado hubweka kwa wakati, na hilo ndilo linalowafukuza wezi wengi. Asichoweza tena ni kupambana. Kumwachia boma peke yake usiku ni kumwonea, na mbwa wa kampuni ya ulinzi anafaa kustaafishwa. Mbwa wengine wa nyumbani nao wasirudishwe naye wote kwa pamoja siku moja, kwani aliyekuwa chini yake huenda akataka kuupima udhaifu wake. Waanze kukutana wawili wawili, mchana, mtu akiwepo.

Mguu uliobaki upande ule uliokatwa huhitaji macho ya daima. Aliyepoteza mguu wa nyuma hutegemea goti moja, na kano za goti hilo huweza kukatika, ajali ambayo ni nzito kwake kuliko kwa mbwa mwingine. Kumpekua kila wiki, kuanzia kucha hadi begani, ni kazi ya dakika tano. Mbwa aliyekatwa kwa ajili ya saratani hupigwa eksirei ya kifua kila baada ya miezi miwili au mitatu. Akianza kuchechemea kwa mguu mwingine apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu ugonjwa huo ukitoka kwenye mapafu huhamia hata mifupa mingine, na mbwa wa miguu mitatu hawezi kutembea kwa miwili akisubiri miadi ya wiki ijayo.